Kabla ya Kubonyeza Riseti, Soma Anwani ya IP

Simu ikigoma kuingia kwenye Wi-Fi ya nyumbani, watu wengi hukimbilia kutafuta sindano na kubonyeza kitundu cha riseti nyuma ya ruta. Tunaomba sana tabia hii ikome. Riseti hufuta jina la Wi-Fi na nywila yake, na kwa waliofungiwa faiba inaweza kufuta hata jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa mtoa huduma) alizoingiza fundi siku ya kufunga huduma. Tatizo lilikuwa la simu moja. Sasa nyumba nzima haina mtandao na fundi anasubiriwa hadi kesho kutwa. Kuzima ruta na kuiwasha tena hakufuti mipangilio, kwa hiyo hilo fanya bila wasiwasi.

Malalamiko mengi tunayopokea ya aina hii yanatokana na ugawaji wa anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, na anwani yenyewe hukuambia hitilafu iko wapi. Kwenye simu, ingia mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao uliounganishwa, tafuta palipoandikwa IP. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika ipconfig. Utaona namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, mfano 192.168.1.105, na karibu yake anwani ya lango, yaani ya ruta yenyewe, mara nyingi 192.168.1.1.

Kazi ya kugawa namba hizo hufanywa na huduma iitwayo DHCP, ambayo kanuni zake zinazotumika hadi leo zilichapishwa Machi 1997. Kifaa kikiunganishwa hupaza ombi kwa kila aliye kwenye mtandao. Ruta hupendekeza anwani, kifaa huikubali, ruta huthibitisha. Anwani haitolewi kwa kudumu bali hukodishwa, kwa ruta nyingi saa 24, na nusu ya muda huo ikipita kifaa huanza kuomba kuongezewa.

Ukiona anwani inaanza na 169.254, kifaa kiliomba na hakuna aliyekijibu, kikajipa namba chenyewe. Hapo hata bando lako liwe kubwa kiasi gani hutatoka nje. Simu nyingi za Android hazionyeshi namba hiyo. Zinabaki zikitafuta anwani, kisha zinajitoa kwenye mtandao. Kagua kebo kama imekaa vizuri, kisha ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta (andika anwani ya lango kwenye kivinjari) uone kama DHCP imewashwa. Kama kifaa unachotumia ndicho kilichokosa anwani, ingilia kifaa kingine ambacho bado kinafanya kazi.

Ikiwa DHCP imewashwa, huenda anwani zimekwisha. Ruta hupewa fungu la kugawa, mfano kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, ambazo ni anwani 100. Familia moja haiwezi kuzimaliza kirahisi, lakini nyumba ya wapangaji, gesti au mgahawa unaowapa wateja Wi-Fi huzimaliza kabla ya jioni, kwa sababu mgeni aliyeondoka asubuhi bado anahesabiwa hadi saa 24 zake ziishe. Isitoshe, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujificha kwa kutumia anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe) ya kubuni. Mtu akifuta mtandao na kujiunga upya, simu ileile inaweza kuonekana kwa ruta kama mgeni mpya na kuchukua anwani ya pili. Punguza muda wa kukodisha uwe saa moja au mbili, na panua fungu lianzie 192.168.1.50 hadi 192.168.1.250.

Hitilafu inayosumbua mafundi kuliko zote ni ruta mbili kugawa anwani ndani ya nyumba moja. Chumba cha nyuma hakipati mawimbi, mwenye nyumba ananunua ruta ya pili, anachomeka kebo kutoka ruta ya kwanza kwenye tundu la LAN (la kuunganisha vifaa vya ndani) la hiyo mpya. Sasa kila kifaa kikiomba anwani, anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Kikijibiwa na ruta mpya, kinaelekezwa kwenye lango ambalo halina njia ya kutoka nje. Ndiyo maana utasikia watu wakisema mtandao una upendeleo: simu ya mama inafungua, ya mtoto haifungui, na kesho mambo yanageuka. Linganisha anwani za lango kwenye vifaa viwili hivyo. Kimoja kikisema 192.168.1.1 na kingine 192.168.0.1, umeshampata mkosaji.

Dawa yake ni kuunganisha kompyuta kwenye ruta mpya peke yake kwanza, kuipa ruta hiyo anwani isiyo ndani ya fungu la ruta kuu, mfano 192.168.1.2, na kuizimia DHCP. Baada ya hapo rudisha kebo kwenye tundu lilelile la LAN. Usiruke hatua ya kubadili anwani yake: ruta zote mbili zikiwa 192.168.1.1, zitagombana hata kama DHCP ya moja imezimwa.

Kuna pia ugomvi wa vifaa viwili kuwa na namba moja. Mara nyingi printa au mashine ya kurekodi kamera za CCTV iliwekewa anwani ya kudumu kwa mkono, mfano 192.168.1.110, katikati ya fungu ambalo ruta inaligawa. Siku ruta ikimpa mtu mwingine namba hiyo, kamera zinapotea na kurudi. Umeme ukikatika huongeza hatari: ruta nyingi za bei nafuu husahau orodha ya waliopewa anwani, huku kompyuta iliyounganishwa kupitia swichi ya mtandao yenye betri ya akiba ikiendelea kushikilia ya zamani. Vifaa vya kudumu viwekee namba ya mwisho kati ya 3 na 49, au viandikishe kwenye ruta kwa anwani zao za MAC ili kila kimoja kipewe namba yake siku zote. Kompyuta iliyokwama na namba ya zamani, iandikie ipconfig /release, halafu ipconfig /renew.

Kama anwani ni sahihi, lango ni sahihi, ukurasa wa ruta unafunguka lakini tovuti hazifunguki, basi ugawaji wa anwani hauna kosa. Hapo mpigie mtoa huduma wako, umtajie anwani unayoiona, idadi ya vifaa vilivyoathirika na rangi ya taa za ruta.