Dawa ya kulegeza misuli huchelewa kumwachia mzee

Mzee akiingizwa chumba cha upasuaji kwa nusu kaputi, swali la ndugu huwa moja: ataamka? Sisi madaktari wa usingizi tuna la pili: akiamka, atapumua kwa nguvu zake, na ataweza kumeza mate bila kupaliwa?

Katika upasuaji wa tumbo, usingizi peke yake mara nyingi hautoshi. Tunaongeza dawa ya kulegeza misuli, kama vekuroniamu, rokuroniamu au atrakuriamu, ambayo hukata mawasiliano pale neva inapokutana na msuli. Misuli ya kupumua nayo hulegea, hivyo mashine humpumulia mgonjwa.

Kwa mzee, damu huzunguka polepole, kwa hiyo dawa huchelewa kushika. Hapo subira inahitajika. Ukiharakisha kuongeza dozi, utailipa baadaye. Vekuroniamu na rokuroniamu hutegemea ini na figo ili zitoke mwilini, na viungo hivyo hupungua nguvu umri ukisonga. Dozi inayomwachia kijana mapema humkalia mzee muda mrefu zaidi, tena kwa kiasi kisichotabirika. Hata kipimo cha kreatinini, taka ya damuni inayotuonyesha hali ya figo, huweza kutuhadaa: kreatinini hutoka kwenye misuli, na mzee aliyekonda huonyesha kiwango kizuri ilhali figo zimechoka.

Atrakuriamu ina nafuu yake. Sehemu kubwa huvunjika yenyewe ndani ya damu, bila kungoja figo. Ila mwili ukipoa, nayo hukawia, ndiyo maana tunahimiza mzee afunikwe vizuri.

Ninachokisisitiza kwa wenzangu ni kupima, si kukisia. Mzee anaweza kuinua kichwa na bado koo lake likawa legevu. Mate au matapishi yakapita kwenye njia ya hewa, akapata nimonia. Kifaa chetu hutuma mishtuko 4 midogo ya umeme kwenye neva ya kifundo cha mkono, nacho kidole gumba hujibu. Mjibizo wa nne ukifikia angalau asilimia 90 ya ule wa kwanza, ndipo mpira wa kupumulia uliopitishwa kooni hutolewa. Dawa iitwayo neostigmini husaidia kuondoa ulegevu, lakini nayo kwa mzee hutaka muda, na haifai kupewa wakati misuli bado haijibu kabisa.

Ndugu, njooni na dawa zote anazotumia mzee, na mtueleze kama ana ugonjwa wa figo, ini au misuli. Baada ya upasuaji, akiomba maji, mwiteni muuguzi kwanza.