Mtoto wa Moshi hamzidi akili mtoto wa Meatu

Kila matokeo ya Darasa la Saba yanapotoka, maneno ni yale yale: "Wachaga wamezaliwa na shule, Wasukuma wanawaza ng'ombe tu." Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, na kauli hizi huniuma, maana humbebesha mtoto mzigo usio wake.

"Kuna mikoa ya watu wanaopenda shule." Kuna mikoa iliyotangulia kupata shule. Kilimanjaro na Bukoba wamisionari walifungua shule tangu enzi za Wajerumani, kisha kahawa ikatia fedha mifukoni mwa wazazi. Kufika 1933 wakulima wa Kilimanjaro walishakuwa na ushirika wao, KNCU. Leo mtoto wa Moshi anaweza kuwa na bibi anayemsimamia kazi ya nyumbani, wakati mwenzake wa Meatu, huko Usukumani, huenda ndiye wa kwanza kushika kalamu katika ukoo mzima.

"Asiyejibu darasani ni mzito." Siku yangu ya kwanza katika shule moja ya Kanda ya Ziwa niliwaambia watoto wa Darasa la Kwanza, "Toeni madaftari." Kimya. Nikarudia kwa ukali, nikidhani ni kiburi. Binti mmoja wa dawati la mbele, aliyekuwa anarudia darasa, akageuka akawaambia wenzake kwa Kisukuma. Madaftari yote yakatoka kwa mpigo. Niliona aibu, na aibu ile ninayo hadi leo. Watoto wale walikuwa wanafundishwa kusoma kwa lugha wasiyoizungumza, wakati mwenzao wa Temeke amekua nayo tangu kitandani. Mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza ulielekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ilikuwa hatua nzuri, ila KKK hiyo nayo inaanzia kwenye Kiswahili.

"Elimu bila ada imesawazisha kila kitu." Ilipoanza 2016, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 za vitabu, 6,000 ziende shuleni. Inaonekana haki. Sasa piga hesabu. Shule ya mjini yenye watoto 1,500 inapata milioni 9. Ya kijijini yenye watoto 150 inapata laki 9, yaani 75,000 kwa mwezi. Chaki, mitihani, ukarabati na nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri, vyote vitoke humo, na nauli yake ndiyo kubwa kuliko ya mwenzake wa mjini.

"Walimu wa kijijini hawajitumi." Wengi wao wanabeba kazi ya watu watatu. Mwalimu anapangiwa, anaripoti, anakosa nyumba na maji, anaomba uhamisho. Ikama, yaani idadi ya walimu wanaotakiwa, haijai, na aliyebaki anaunganisha madarasa. Mjini nako si kwamba kila mtoto ana nafuu: kuna vyumba Dar es Salaam vinavyozidi mbali kiwango cha wanafunzi 45.

"Watoto wa wafugaji ni watoro." Mpe mtoto wa miaka sita kilomita saba za pori na korongo lililojaa maji, halafu mwite mtoro. Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2021 fedha za kukabili athari za UVIKO-19 zilipopangiwa madarasa 3,000 ya shule shikizi, shule ndogo zinazowafuata watoto vitongojini. Shikizi ikifunguliwa karibu, yule "mtoro" unamkuta mlangoni kabla ya mwalimu.