Vidonge vya antioksidanti havipozi ubongo

"Meza vitamini C kabla ya kwenda saiti, jua halitakuweza"

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mwili ukizidiwa na joto, seli huzalisha kwa wingi molekuli haribifu za oksijeni, na ubongo uko hatarini zaidi: ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni. Panya wa maabara waliopewa antioksidanti, yaani viini kama vitamini C vinavyozima molekuli hizo, walipata nafuu kiasi. Kwa binadamu hakuna ushahidi kwamba kidonge kinazuia kiharusi cha joto, yaani mwili kuzidiwa na joto hadi ubongo kuvurugika. Joto la ndani likivuka nyuzi 40 za Selsiasi, protini za seli huharibika na utumbo huvujisha sumu za bakteria kwenye damu. Vitamini haishushi joto hilo hata nusu nyuzi.

Kidonge cha kuangalia kweli ni kile ambacho hakuna anayekishuku: piritoni ya mafua. Hupunguza jasho, na husinzisha juu yake.

"Dozi kubwa, kinga kubwa"

Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 za vitamini C kwa siku. Pera moja la kawaida linatosha. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji mara nyingi vina miligramu 1,000. Ukivuka 2,000 kwa siku unaweza kuharisha, ukapoteza maji yale yale uliyokuwa unayahitaji. Ziada nyingine hutoka kwenye mkojo kama oksaleti, na kwa mpiga zege ambaye mkojo wake umekolea tangu saa nne asubuhi, hapo mawe ya figo hupata nafasi.

Kuna jambo zito zaidi. Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14: jasho huanza mapema, huwa jingi na lenye chumvi kidogo, na seli hutengeneza protini za kujikinga na joto. Zile molekuli "mbaya", zikiwa kwa kiasi, ni sehemu ya ishara inayoamsha mabadiliko hayo. Jaribio dogo la Marekani lililochapishwa 2011 lilionyesha kuwa kwasetini, antioksidanti ya mimea, kwa dozi kubwa ilipunguza kuzoea huko kwa mwili. Kibarua mgeni anayeanza Januari asaidiwe kwa ratiba: siku ya kwanza asilimia 20 ya kazi, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku.

"Dafu linarudisha kila kitu"

Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hupoteza zaidi sodiamu. Kunywa glasi ya mililita 250 kila dakika 15 hadi 20, bila kuzidi takriban lita 1.4 kwa saa. Aliyetoka jasho kwa saa nyingi anywe pia ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Maji matupu kupita kiasi hushusha sodiamu, ubongo ukavimba.

"Bado anatoka jasho, si kiharusi cha joto. Mpe parasetamoli"

Makosa mawili kwa mkupuo. Aliyezidiwa akiwa kazini mara nyingi bado ameloa chepechepe. Kwa fukuto la Dar jasho hutiririka bila kukauka, kwa hiyo halipozi. Dalili ya kutazama ni akili: anaongea ovyo, anapepesuka, hajui yuko wapi. Parasetamoli hushusha homa, pale ubongo wenyewe ulipoamua kupandisha joto. Hapa haukuamua, umezidiwa, na dawa hiyo inaongezea ini mzigo.

Mpeleke kivulini, vua buti, kofia na ovaroli. Mmwagie maji ndoo kwa ndoo mwili mzima, au mtumbukize kwenye pipa lililokatwa huku mtu akimshika kichwa. Hakuna pipa? Mfunike kanga mbichi, mpepee kwa nguvu, loweka tena ikipata joto. Barafu iwekwe kwapani, shingoni na kwenye kinena. Joto lishuke ndani ya dakika 30, kwa hiyo anza kupoza kabla ya kutafuta bajaji, na njiani endelea kumlowesha. Foleni haina huruma. Akiwa amechanganyikiwa usimnyweshe chochote. Hospitali wakumbushwe kupima malaria, kwani malaria kali nayo huleta joto na kuchanganyikiwa.