Lettow-Vorbeck alishindwa, na zaidi ya mara moja

Nimefundisha historia ya vita vya Afrika Mashariki kwa miaka ishirini na mitatu, mingi kati yake hapa Kisumu, na katika muda huo kuna sentensi moja niliyoisikia karibu mara nyingi kama kengele ya shule: kwamba Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani huku Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ni jenerali ambaye hakuwahi kushindwa. Mara ya mwisho ilikuwa wiki mbili zilizopita, kwenye matanga upande wa Siaya. Mzee mmoja mstaafu alinikuta nimeshika sahani ya wali, akawatangazia waliokuwa mezani kwamba Mjerumani huyo hakupigwa hata siku moja, kisha akanigeukia: "Si kweli, Mwalimu?" Nilikuwa na njaa, na kuku alikuwa anapoa, kwa hiyo nilijibu kwa mkato usiostahili umri wake. Jibu refu nililomnyima nimeliandika hapa.

Tuanze na neno "jenerali", ambalo ni kosa dogo, lakini linaonyesha jinsi hadithi hii ilivyopikwa. Lettow alishuka Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, ambayo ndiyo yaliyompa jina, alikuwa bado luteni kanali. Umeja jenerali aliupata mwishoni mwa 1917, wakati koloni alilotumwa kulilinda, ambalo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara, lilipokuwa linamponyoka lote. Cheo kilipanda huku ardhi ikipungua, na hilo halina ajabu katika vita, ila wanaomsifu hulisahau.

Tanga yenyewe sina haja ya kuieleza kirefu. Waingereza walileta kikosi cha askari wapatao elfu nane kutoka India, wakapigwa na watu kama elfu moja, wakarudi melini na kuacha pwani bunduki, bombomu na risasi laki kadhaa ambazo Wajerumani walizitumia baadaye. Nyuki waliuma pande zote mbili bila ubaguzi. Usiku wa kuamkia pambano kubwa Lettow aliingia mjini kwa baiskeli ili ajionee mwenyewe hali ya mitaa na bandari, na picha hiyo naikubali kabisa: mtu wa miaka arubaini na minne, jicho la kushoto likiwa limeharibika tangu vita vya Namibia, anaendesha baiskeli gizani katika mji ambao huenda umejaa maadui. Mtu huyo hakuwa mwoga, na sitaki msomaji adhani ninamwonea wivu.

Sasa tuje kwenye neno linalonikera, "hakushindwa". Mei 1916, Kondoa Irangi, Lettow alikusanya kombania zake, akashambulia usiku vikosi vya Afrika Kusini vya jenerali van Deventer, waliokuwa upande wa Waingereza, vilivyokuwa vimechoka, vimelowa na vimejaa wagonjwa. Alikuwa na kila sababu ya kushinda. Alirudishwa nyuma. Kwa Kiswahili cha kawaida, mtu akimshambulia mwenzake kwa nia ya kumwondoa mahali, akashindwa kumwondoa, kisha akaondoka yeye, tunasema ameshindwa. Tukivuka kutoka pambano moja kwenda kwenye vita vizima, hesabu ni mbaya zaidi. Septemba 1916 Dar es Salaam ilitwaliwa na Waingereza na Tabora ikatwaliwa na Wabelgiji, na reli ya kati ikaondoka mikononi mwake. Novemba 1917 aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi, akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji na wapiganaji wapatao elfu mbili, na siku tatu baadaye kikosi kingine cha Wajerumani, chini ya Tafel, kikajisalimisha kwa sababu ya njaa, kikiwa na askari zaidi ya elfu moja. Kamanda aliyetumwa kulinda koloni, koloni lote likachukuliwa, akabaki anatembea katika koloni la Wareno akitafuta chakula na risasi, huyo tumwite nani?

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu huja kila mara: "Lakini Mahiwa!" Haya, Mahiwa, kule kusini karibu na Lindi. Oktoba 1917 aliwapiga Waingereza pigo baya sana. Walipoteza zaidi ya nusu ya wanajeshi wao katika siku nne. Alishinda. Lakini naye alipoteza takriban watu mia tano kati ya elfu moja na mia tano, na risasi ambazo hakuwa na namna ya kuzirudisha, na ndiyo maana mwezi uliofuata alikuwa anavuka Ruvuma. Alikwisha kuliona jambo hili mapema, Januari 1915 huko Jassin, pwani karibu na mpaka wa Kenya, ambako pia alishinda. Baada ya hapo aliandika mwenyewe kwamba, kwa maofisa na risasi zilizomtoka siku hizo mbili, angeweza kumudu mapambano matatu tu zaidi ya namna hiyo. Kwa maneno mengine, mtu huyu alielewa vizuri kuliko mashabiki wake kwamba kuna ushindi unaomfilisi mshindi. Baada ya Jassin akabadili kipimo: lengo likawa kutokamatwa. Kwa kipimo hicho alifaulu kabisa. Vita vilipokoma Ulaya alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, ametoka kuuteka mji wa Kasama, na alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya wenzake wa Ulaya, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168. Kwa hiyo neno lililo sahihi ni "hakukamatwa". Kati ya "hakukamatwa" na "hakushindwa" kuna umbali kama wa kutoka hapa hadi Mbala.

Jambo la pili ni fupi. Kila nikienda Kisii huambiwa kwamba Lettow alipigana huko. Hakufika. Kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka Septemba 1914, kikaingia mjini, kikapigana na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, tarehe 12, kikarudi kilikotoka. Mji ulipobaki wazi wenyeji wakachukua walichoweza kuchukua, na serikali ya kikoloni iliporudi ikawaadhibu kwa kuwanyang'anya ng'ombe. Lettow mwenyewe alikuwa upande wa Kilimanjaro. Kama ni kumbukumbu ya vita tunayoitafuta kando ya ziwa letu, tuitazame bandari ya Kisumu, ambako Juni 1915 wanajeshi walipakiwa kwenye meli kwenda kuushambulia mji wa Bukoba na kuvunja mtambo wake wa simu ya upepo, au kituo cha reli, ambako maelfu ya vijana wa Nyanza walipakiwa kwenye mabehewa kwenda kubeba mizigo.

Hapo kwenye mizigo nisubiriwe kidogo, kwa maana ndipo sifa za majenerali wa pande zote mbili zinapoyeyuka. Eneo lote la mbung'o, ambako farasi na punda walikufa kwa maelfu, lililisha majeshi kwa vichwa vya watu. Mpagazi wa Kikosi cha Wapagazi, yaani Carrier Corps, hicho ambacho jina lake limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, alibeba ratili hamsini hivi. Mwaka mmoja nilitaka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waelewe uzito huo, nikanunua bale ya unga: paketi kumi na mbili za kilo mbili, jumla kilo ishirini na nne, karibu sawasawa na mzigo ule. Nikawaambia waibebe kwa zamu, kichwani, kutoka soko la Kibuye hadi kituo cha zamani cha reli. Mvulana wa kwanza alikimbia kwa madaha na kusimama baada ya dakika saba. Wa pili alisema shingo inamuuma, lakini aliendelea kwa sababu wasichana walikuwa wanamtazama. Wa tatu aliidondosha karibu na kituo cha mafuta, paketi mbili zikapasuka, na jioni mpishi wa shule, ambaye nilikuwa nimemwahidi unga huo, akanidai zile kilo nne.

Kisha tukapiga hesabu ubaoni. Mpagazi anakula takriban kilo moja ya unga kwa siku, akipewa. Akibeba unga pekee, siku kumi na mbili za kwenda na kumi na mbili za kurudi zinaumaliza mzigo wote tumboni mwake, na jeshi lililoko mbele halijapata hata kijiko. Kwa hiyo unahitaji wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na wengine wa kuwalisha hao, na ndivyo Waingereza walivyofikia kuandikisha watu zaidi ya milioni moja katika vita vizima, mkoa wa Nyanza ukitoa sehemu kubwa kupindukia ya waliotoka Kenya. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia, na kwa unga wa mahindi uliopikwa nusu na watu waliozoea wimbi na mtama, katika baridi ya milima na mvua ya Rufiji. Idadi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa karibu laki moja.

Upande wa Lettow haukuwa na hata daftari la namna hiyo. Alipovuka Ruvuma hakuwa na ghala wala reli. Kila kijiji alichopitia kilikuwa ghala lake. Wapagazi walikamatwa njiani, wakafungwa kamba ili wasitoroke, na chakula kikachukuliwa bila kujali mwenye shamba atakula nini. Ludwig Deppe, daktari wa Kijerumani aliyekuwa katika msafara huohuo, aliandika baadaye kwa uchungu kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Hayo si maneno ya adui yake, ni ya daktari wa jeshi lake mwenyewe. Ndiyo sababu nikisikia kwamba "vita vyake vilikuwa vya kiungwana" huwa nasahau adabu yangu ya ualimu.

Na askari wake waliompenda hadi mwisho? Hapa ninakwenda polepole, kwa kuwa ukweli umekaa pande mbili. Wapo waliobaki naye miaka minne, na mtu habaki miaka minne porini kwa kuogopa kiboko pekee. Alijua Kiswahili, alitembea kama walivyotembea, aliugua malaria kama walivyougua. Lakini zaidi ya elfu mbili walitoroka, na waliobaki walikuwa na sababu zao: mshahara uliopita ule wa askari wa King's African Rifles, hata pale ulipogeuka kuwa ahadi tu, heshima ya kuwa mtu mkubwa kati ya watu wadogo, na wake, watoto na watumishi waliotembea pamoja nao, kiasi kwamba kutoroka kulimaanisha kuiacha nyumba nzima. Kuyaita haya yote "upendo" ni kuwavua askari hao akili zao. Ile hadithi ya 1964, ya wazee waliofika Mwanza kudai mafao yao ya Ujerumani, wakapewa ufagio badala ya bunduki na kuamrishwa gwaride kwa Kijerumani ili kuthibitisha kwamba walikuwa askari kweli, huwa naisimulia darasani kwa kuwa ni tamu, kisha nauliza mpagazi angethibitisha kwa amri gani.

Kuna mambo mawili ninayoyumba juu yake, na vitabu vya shule haviyumbi. La kwanza ni sifa kwamba alivuta majeshi makubwa yasiende kupigana Ufaransa. Miaka ya mwanzo nilifundisha hivyo kwa kujiamini. Siku hizi naona kwamba sehemu kubwa ya waliopigana naye mwishoni walikuwa askari wa King's African Rifles, wa Nigeria na wa Gold Coast (Ghana ya leo), ambao Uingereza haikuwa na mpango wowote wa kuwapeleka Ufaransa. Na sijaridhika kwamba mambo ya Ulaya yangebadilika kwa kiasi cha kuhalalisha vifo vya huku. La pili ni tabia yake. Mtu aliyehudumu chini ya von Trotha, jenerali wa Kijerumani, wakati wa maangamizi ya Waherero wa Namibia, na ambaye 1920 aliunga mkono jaribio la mapinduzi la mwanasiasa Kapp dhidi ya serikali halali ya nchi yake, ndiye huyohuyo aliyekula chakula cha jioni London na Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Waingereza dhidi yake mwaka 1916, wakawa marafiki. Nimejaribu kumfanya mtu mmoja katika maelezo yangu, na kila mara kipande fulani kinabaki nje.

Hayo ndiyo niliyomweleza mzee wa Siaya, kwa ufupi zaidi, baada ya kumaliza chakula na kumwomba radhi. Nilimwambia kwamba akitaka kumsifu Lettow mbele ya watu aseme hivi: alikuwa kamanda hodari wa kukwepa, aliyeshinda mapambano kadhaa, akashindwa mengine, akapoteza koloni lote, hakukamatwa hadi vita vilipokwisha, na gharama ya kutokamatwa kwake ililipwa na wapagazi na wenye mashamba. Alisikiliza kwa makini, akatafakari. "Hiyo ni ndefu mno, Mwalimu," akasema, kisha akainuka kwenda kutafuta soda.