Hempu ya viwandani na faida zake katika utengenezaji wa karatasi

Hempu ya viwandani ni aina ya mmea wa Cannabis sativa, yaani spishi ileile ya bangi, ambayo wakulima wameichagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya nyuzi na mbegu zake, na ambayo ina kiasi kidogo mno cha THC, kemikali inayolevya. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliweka mpaka kuwa asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Mmea unaozidi hapo huhesabiwa kuwa bangi.

Faida yake katika karatasi imo ndani ya bua. Karatasi hutokana na selulosi, yaani dutu inayojenga nyuzi za mimea, lakini katika mti selulosi hiyo imegandamana na lignini, gundi ya asili inayofikia takriban robo ya uzito wa mbao, ambayo kiwanda hulazimika kuiondoa kwa kemikali na joto kali. Na lignini inayobaki ndiyo inayofanya gazeti ligeuke manjano likikaa juani. Nyuzi za ganda la bua la hempu zina lignini kidogo sana, kwa hiyo huhitaji kemikali chache, na urefu wake hupita kwa mbali ule wa nyuzi za msonobari. Kiini cha bua ni jambo lingine: nyuzi zake ni fupi na lignini yake inakaribia ile ya mti, hivyo si haki kuusifu mmea mzima kwa sifa za ganda lake.

Ili ganda litengane na kiini, mabua huachwa shambani kwa wiki kadhaa yaoze kidogo kwa umande, kazi ambayo wanawake wa Zanzibar wanaofukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani ili wapate usumba wangeitambua mara moja.

Hempu hukomaa kwa muda wa miezi minne hivi. Mwaka 1916 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikadiria kuwa ekari 10,000 za hempu, zikilimwa mwaka hadi mwaka, zingetoa malighafi sawa na ekari 40,500 za misitu. Makadirio hayo yalihusu misitu inayokua polepole. Mikaratusi ya Brazili, inayovunwa baada ya miaka saba hivi, hupunguza sana pengo hilo.

Kwa kuwa hempu huvunwa kwa msimu, ilhali kiwanda hudai malighafi mwaka mzima, bei ya nyuzi zake bado ni kubwa, na sehemu kubwa huishia katika karatasi nyembamba za sigara na za Biblia. Manufaa makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yako katika karatasi zilizorejelezwa: kila zinaposagwa upya nyuzi zake hukatika na kudhoofika, na kiasi kidogo cha nyuzi ndefu za hempu kikichanganywa humo huzirudishia uimara, bila kukata mti mwingine.