Namba za sukari kwenye simu, sasa tuzifanyie kazi

Kazi yangu ni kufundisha watu wenye kisukari, na siku hizi mtu akiingia anatoa simu kabla hata hajakaa vizuri. Ana apu, mashine yake inatuma majibu yenyewe kwa Bluetooth, grafu ya miezi 3 iko pale na rangi zake. Namuuliza, hapa Jumanne ilipopanda ulikuwa umefanya nini? Kimya. Kapima kila asubuhi miezi yote hiyo na hajaujua mwili wake, na simlaumu, maana sisi ndio tulimwambia pima, rekodi, tukaishia hapo.

Kwa hiyo sasa naomba wiki moja tu, mlo mmoja tu. Chagua ule unaokusumbua, pima kabla hujala, afu pima tena masaa 2 baadaye, na unahesabu tangu tonge la kwanza sio tangu umemaliza, hapo wengi wanakosea. Sahani ipige picha uiweke kwenye apu. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito tunalenga 4.4 hadi 7.2 mmol/L kabla ya kula na chini ya 10 baada ya kula (mashine ikisoma mg/dL, gawanya kwa 18 upate hizi), ila mimi jicho langu liko kwenye tofauti ya hizo mbili. Umetoka 6.8 ukafika 12.9, mlo umepandisha pointi 6. Kesho kula kilekile ila wanga nusu, keshokutwa rudisha kiasi cha mwanzo afu tembea dakika 15 ukimaliza, uone kipi kinakusaidia zaidi. Kama unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana, hayo majaribio ongea kwanza na daktari wako.

Kuna mama mmoja alikuwa anaamka na 9 kila siku, akaanza kujinyima chakula cha usiku, analala na njaa na asubuhi 9 ileile, akawa analia kabisa. Alipovaa kihisi, kile kifaa kinachobandikwa mkononi kikasoma sukari usiku na mchana, tukafungua grafu ya usiku pamoja, mstari umelala vizuri kwenye 6 mpaka kama saa 10 alfajiri ndio unaanza kupanda. Ni homoni za alfajiri, zinaliambia ini limwage sukari kwenye damu, chakula cha usiku hakikuwa na kosa! Akarudi kula, na daktari akaangalia upya dawa zake.

Ila kihisi nacho kina tabia yake. Hakipimi damu, kinapima maji yaliyo katikati ya seli, kwa hiyo kinachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 unakula gramu 15 za sukari ya haraka, yaani inayoingia kwenye damu upesi, unasubiri dakika 15, sasa mtu anaona simu bado inasema chini anaongeza, anaongeza tena, baada ya saa moja yuko 16. Toboa kidole uhakikishe, na nawa mikono kwanza, maana nimeona mtu kamenya tunda akapima akakuta 15, kanawa kapima tena 7.

Na jambo linaloniuma zaidi ni hili la kugombezwa. Kijana mmoja alikuwa anaingiza namba kwa mkono kwenye apu, zote 6, 7, 6, wakati kipimo chake cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi 3, kilikuwa asilimia 10.4, yaani juu sana. Nikamuuliza taratibu, akasema kule alikokuwa anatibiwa zamani akipeleka namba kubwa anafokewa mbele za watu. Tukafuta zote pale pale, nikamwambia niletee hata 20, ukiniletea 20 ndio najua tuanzie wapi. Wiki iliyofuata akaleta 17, 14, 19, 11, na pembeni ya ile 11 kaandika mwenyewe "nilitembea".