Mtambo wa kusafisha majitaka wa jamii ndogo: ni nini, na mto unapata nini

Mtambo wa kusafisha majitaka ni mahali ambapo maji yaliyotumika chooni, bafuni na jikoni hupunguzwa uchafu kabla ya kuachiwa mtoni, ziwani au ardhini. Ule wa jamii ndogo huhudumia kijiji, mji mdogo au shule ya bweni, yaani watu mia kadhaa hadi elfu chache.

Majitaka ya majumbani ni maji matupu kwa takriban asilimia 99.9. Taabu yote imo katika kile kidogo kinachobaki: kinyesi, mafuta, sabuni, mabaki ya chakula na vijidudu vya maradhi. Harufu na magonjwa kila mtu anayajua. Lisilojulikana sana ni suala la oksijeni. Bakteria wa mtoni huula uchafu huo, na wanapoula huitumia oksijeni iliyoyeyuka majini, hiyo hiyo wanayovuta samaki. Lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi tu za oksijeni, ilhali lita ya majitaka mabichi mara nyingi hudai miligramu 200 au zaidi. Ndiyo maana samaki huelea wamekufa hata pale ambapo hakuna aliyemwaga sumu.

Kazi ya mtambo, basi, ni kuwalisha bakteria hao ndani ya uzio, karamu iishie huko huko.

Mwanzoni wavu hunasa matambara na plastiki, na mchanga huachwa utuame. Kisha huja bakteria wenyewe. Mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett wa Manchester, Uingereza, walieleza njia ya kupuliza hewa kwenye majitaka na kulirudisha tangini tope lenye bakteria hai ili liendelee na kazi. Njia hiyo imeenea duniani, lakini inataka umeme muda wote. Hewa ikikatika kwa saa nyingi, bakteria hudhoofika na maji hutoka machafu.

Mahali penye jua na ardhi ya kutosha, mimi ningechagua mabwawa. La kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5, halina oksijeni, na uchafu mzito huozea chini. La pili lina kina cha mita 1 hadi 2. Mwani, yaani viumbe vidogo vya kijani vinavyoota majini, hutoa oksijeni mchana na bakteria huitumia. La tatu ni la kina kifupi, na humo mwanga wa jua husaidia kuua vijidudu. Safari nzima huchukua wiki kadhaa, tena bwawa la kwanza hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Hata hivyo, hakuna pampu ya hewa ya kuharibika.

Kuna jambo ambalo mitambo mingi midogo hailimalizi: naitrojeni na fosforasi. Zikifika ziwani hurutubisha mwani, mwani ukifa huoza, na oksijeni hupungua upya. Naitrojeni ikiwa katika hali ya amonia, huwadhuru samaki moja kwa moja.

Udogo nao una shida zake. Asubuhi watu wote huoga kwa wakati mmoja na maji huja kwa kishindo. Usiku mabomba karibu yakauke. Machinjio moja ikimwaga damu bila taarifa inaweza kuvuruga mtambo mzima, jambo ambalo mtambo wa jiji ungelimeza bila kutetereka. Mvua ikiingia kupitia mabomba yaliyopasuka, hufukuza majitaka kabla hayajasafika. Na mara nyingi kijito kinachopokea ni chembamba, hasa kiangazi, hivyo hakina maji ya kuuzimua uchafu uliopenya.

Halafu kuna tope. Hujikusanya chini mwaka hadi mwaka na lazima liondolewe, likaushwe, kisha lizikwe au, likithibitika kuwa salama, litumike shambani. Bwawa lisilozolewa tope hupungua kina, maji hupita kwa haraka zaidi, na baada ya miaka hutoka karibu kama yalivyoingia, ingawa kwa nje bwawa bado linaonekana zima.